Mjadala Juu ya Ladha: Mfano wa Mwendo na Mtindo Katika Filamu za Safari za Anga

Utangulizi

Mjadala ni mojawapo ya njia za kufundishia zinazopendwa sana katika shule za msingi. Kila mwanachuo amekwisha kukutana nao: pande mbili, mwenyekiti, mtunza muda, na mada kama vile "Maisha ya shamba ni bora kuliko maisha ya mjini". Mwishoni kura hupigwa, upande mmoja hupigiwa makofi, na kipindi hufungwa. Utaratibu huo unafaa kwa mada nyingi. Lakini kuna mada za namna moja ambazo utaratibu huo huziharibu, nazo ni mada za ladha: hadithi ipi nzuri, wimbo upi mtamu, filamu ipi inachosha.

Katika mada za namna hiyo walimu wapya hufuata mojawapo ya njia mbili, na zote mbili hazifai. Wengine hutoa hukumu wenyewe, na watoto hujifunza kwamba kilicho kizuri ni kile kimpendezacho mwalimu. Wengine husema, "Kila mtu na ladha yake," kisha hufunga mazungumzo kabla hayajaanza. Njia ya kwanza humfanya mtoto kuwa kasuku. Njia ya pili humwacha palepale alipokuwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha njia ya tatu, nayo yaweza kusemwa kwa ufupi hivi: ladha ya mtu haipingwi, lakini sababu anazozitoa hupimwa.

Mfano tutakaoutumia ni filamu za kubuni za kisayansi, hasa zile za safari za anga. Tumezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, watoto wengi wamekwisha kuziona, kama si katika luninga basi katika simu ya mzazi au katika kibanda cha video. Pili, watazamaji wa filamu hizi wamekuwa wakibishana kwa zaidi ya miaka 50 juu ya swali moja ambalo hata mtoto wa Darasa la V aweza kulielewa: je, filamu hii inakwenda polepole mno?

Maana ya maneno matatu

Kabla ya kuingia darasani, mwalimu hana budi kuyatenganisha maneno matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa.

Mwendo ni kiasi cha mambo mapya ambayo mtazamaji hupewa kwa muda fulani. Mwendo si urefu. Filamu ya saa tatu yaweza kwenda mbio, na filamu ya dakika 10 yaweza kukokota miguu. Mtengenezaji huongeza au hupunguza mwendo kwa kuikata picha mara nyingi au mara chache, kwa kuisogeza kamera au kuituliza, kwa maneno, kwa muziki, na kwa kimya.

Mtindo ni jumla ya chaguo alizozifanya mtengenezaji. Mwendo ni sehemu moja tu ya mtindo. Rangi, mwanga, sauti na namna ya kuzungumza kwa wahusika ni sehemu nyingine.

Ladha ni namna mtazamaji anavyoyapokea hayo yote. Ladha imo ndani ya mtazamaji, nayo hujengwa na umri wake, mazoea yake na matarajio aliyokuja nayo. Kwa hiyo mtoto anaposema, "Filamu hii inachosha," amesema mambo mawili kwa mara moja: jambo moja juu ya filamu na jambo jingine juu yake mwenyewe. Kazi ya mwalimu ni kumsaidia kuyatenganisha.

Filamu tatu za kufikiria

Filamu ya kwanza ni 2001: A Space Odyssey, iliyoongozwa na Stanley Kubrick, Mmarekani aliyefanya kazi Uingereza. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili 1968, mwaka mmoja na ushei kabla ya binadamu kukanyaga mwezi mwezi wa Julai 1969. Kwa zaidi ya dakika 20 za mwanzo hakuna neno linalotamkwa. Tunawaona viumbe wanaofanana na nyani wakitafuta chakula na maji katika nchi kame, mandhari ambayo picha zake zilipigwa katika jangwa la Namibia ya leo. Baadaye tunaona vyombo vya angani vikizunguka taratibu, vikisindikizwa na muziki wa Johann Strauss. Baada ya maonyesho ya kwanza Kubrick mwenyewe aliondoa kiasi cha dakika 19. Yaani hata mtengenezaji alibishana na nafsi yake juu ya mwendo.

Filamu ya pili ni Star Wars, iliyoongozwa na George Lucas mwaka 1977. Hapa mtazamaji hapewi nafasi ya kupumua. Mara baada ya maandishi ya ufunguzi chombo kidogo kinafukuzwa na chombo kikubwa, risasi za mwanga zinapigwa, na vita imeanza kabla hatujajua nani ni nani. Wahariri wake watatu, Paul Hirsch, Marcia Lucas na Richard Chew, walipewa tuzo ya Oscar kwa kazi yao ya kuikata na kuiunganisha picha. Ni vema wanachuo walitambue jambo hili: mwendo ni kazi ya ufundi, tena ina mafundi wake.

Filamu ya tatu ni hadithi moja iliyotengenezwa mara mbili kwa ajili ya majumba ya sinema. Mwaka 1961 mwandishi wa Poland, Stanisław Lem, alitoa riwaya iitwayo Solaris, inayosimulia habari za mtaalamu wa saikolojia aliyetumwa katika kituo kilicho juu ya sayari ya mbali, na huko akatokewa na mkewe aliyekwisha kufa. Mwaka 1972 Andrei Tarkovsky wa Urusi ya Kisovieti aliitengenezea filamu ya zaidi ya saa mbili na nusu. Ndani yake mna safari ndefu ya gari katika barabara za mji, iliyopigwa picha Japani, ambamo kwa dakika kadhaa hakuna linalotukia ila gari kwenda. Mwaka 2002 Mmarekani Steven Soderbergh aliitengeneza hadithi hiyo hiyo kwa dakika 99. Lem hakuridhika na filamu ya Tarkovsky. Watazamaji wengine huihesabu kuwa miongoni mwa kazi bora za sanaa ya filamu.

Mwalimu asidhani kwamba mabishano haya yamekwisha. 2001 ilipotoka, baadhi ya wahakiki mashuhuri, mmoja wao Pauline Kael wa Marekani, waliikataa kabisa. Mwaka 2022 jarida la Uingereza liitwalo Sight and Sound liliwauliza waongozaji wa filamu wa nchi mbalimbali wataje filamu bora za nyakati zote, na 2001 ikashika nafasi ya kwanza. Je, kura hiyo yaonyesha kwamba Kael alikosea? La hasha. Kura hutuambia ni wangapi walioipenda. Haituambii kwa nini. Mtoto aliyechoshwa na filamu hiyo hawezi kuamriwa aache kuchoka kwa sababu waongozaji wameipigia kura.

Aina tatu za kauli

Kiini cha somo ni kuwazoeza watoto kuzitambua aina tatu za kauli katika mjadala wa ladha.

Kauli ya ushahidi ni ile iwezayo kuhakikishwa kwa kutazama au kuhesabu. Kwa mfano: "Katika sehemu ya kwanza ya 2001 hakuna anayesema." Kauli hii ni kweli au si kweli. Haihitaji kura.

Kauli ya athari hueleza jinsi chaguo fulani la mtengenezaji linavyomgusa mtazamaji. Kwa mfano: "Kimya kile kinatufanya tuzitazame nyuso na mikono ya viumbe wale kwa makini." Kauli hii haiwezi kuhesabiwa, lakini yaweza kuungwa mkono au kudhoofishwa kwa mifano. Hapa ndipo penye mjadala wa kweli.

Kauli ya ladha hueleza msimamo wa msemaji: "Mimi sikuipenda." Kauli hii haipingwi. Hupokewa kwa heshima, kisha huulizwa swali moja tu: ni kitu gani ulichokiona au kukisikia kilichokufanya usiipende?

Swali hilo moja ndilo litendalo kazi. Humrudisha mtoto kutoka kwenye ladha hadi kwenye ushahidi. Mtoto aliyesema "inachosha" atatafuta mahali hasa alipochoka. Pengine atasema, "Ni pale chombo kinapotua kwa muda mrefu." Basi sasa tuna jambo la kujadili: kwa nini mtengenezaji alikirefusha kitendo hicho? Je, alipata alichokitaka? Hasara yake ni nini?

Yafaa pia mwalimu awe na mfano unaowalazimisha watoto kutazama tena. 2001 husifiwa au kulaumiwa kwa upole wa mwendo wake. Lakini ndani yake, kiumbe mmoja anarusha mfupa juu hewani, picha inakatwa, na mara tunaona chombo kikielea angani. Mamilioni ya miaka yamerukwa kwa mkato mmoja. Basi filamu hii ni ya polepole au ya haraka? Mtoto aliyekwisha kutoa jibu atalazimika kulipima upya, tena kwa ushahidi, bila kuambiwa na mtu kwamba amekosea.

Mahali sayansi inapoingia

Katika filamu za anga kuna kauli za ushahidi zinazopatikana katika somo la Sayansi. Sauti huhitaji kitu cha kuisafirisha, kama hewa au maji. Mahali pasipo hewa hakuna sauti isikikayo. Katika 2001, mwanaanga anaporushwa kutoka nje hadi ndani ya chumba cha kuingilia cha chombo chake, hatusikii chochote mpaka hewa inapojaa chumbani. Katika Star Wars, vyombo vinanguruma na milipuko inasikika katika anga tupu.

Mwanafunzi mwerevu atasema, "Basi Star Wars ni filamu mbaya, kwa kuwa inasema uongo." Hapa mwalimu asimame kidogo, kwa maana kauli mbili zimefungwa katika fundo moja. Kwamba sauti haisikiki mahali pasipo hewa ni ushahidi, na mwanafunzi anastahili kusifiwa. Kwamba filamu ni mbaya kwa sababu hiyo ni kauli nyingine, inayohitaji sababu zake. Sungura wa hadithi zetu husema, na hakuna mtoto anayeitupa hadithi kwa ajili hiyo. Swali la kumuuliza ni hili: je, mtengenezaji alituahidi ukweli wa kisayansi, au alituahidi hadithi ya mashujaa? Filamu hupimwa kwanza kwa ahadi yake.

Namna ya kuendesha somo

Darasa: la V au la VI. Muda: vipindi viwili vya dakika 40.

Shabaha: mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze (a) kutenganisha kauli ya ushahidi, ya athari na ya ladha, (b) kutoa sababu moja ya ladha yake kwa kutaja mahali maalumu katika hadithi au filamu.

Zana: saa yenye mshale wa sekunde, punje za mahindi, ubao. Penye umeme na chombo cha kuonyeshea, vipande viwili vya filamu vya dakika mbili mbili, ambavyo mwalimu amevitazama mwenyewe kwanza na kuona kuwa vinafaa kwa umri wa watoto. Pasipo umeme somo halipungui kitu, kwa kuwa mwalimu atatumia masimulizi.

Hatua ya kwanza. Mwalimu asome masimulizi haya mawili kwa sauti, huku mwanafunzi mmoja akipima muda.

Masimulizi A: "Chombo kilitua mwezini. Mlango ukafunguka. Asha akashuka. Akaona nyayo mavumbini. Hazikuwa zake! Akageuka. Mlango ulikuwa umefungwa."

Masimulizi B: "Chombo kilitua mwezini. Vumbi liliruka, kisha likaanguka moja kwa moja, kwa maana hapakuwa na hewa ya kulibeba. Asha alikaa kitini akisikiliza pumzi zake mwenyewe ndani ya kofia. Mlango ulifunguka bila sauti. Alishuka ngazi: kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mbele yake uwanda wa kijivu ulienea mpaka kwenye anga jeusi, na hapakuwa na mti, wala ndege, wala upepo. Alitazama chini. Palikuwa na nyayo mavumbini. Aliweka mguu wake kando ya unyayo mmoja, akalinganisha. Haukuwa wake. Alisimama kitambo. Alipogeuka, mlango ulikuwa umefungwa."

Hatua ya pili. Katika vikundi vya watoto watano watano, wanafunzi wayataje matukio ya kila masimulizi, wakiweka punje moja kwa kila tukio. Watagundua kwamba habari kuu ni ile ile, ila muda umetofautiana. Kama filamu inatumika, waweke punje moja kila picha inapokatwa, kisha walinganishe mafungu mawili ya punje. Mwendo, ambao mwanzoni ulikuwa hisia tu, sasa umekuwa kitu cha kushikwa mkononi.

Hatua ya tatu. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu katika daftari lake: moja ya ushahidi, moja ya athari, moja ya ladha. Waandike kabla ya kuzungumza. Mtoto aliyekwisha kuandika hashawishiki upesi kufuata sauti ya mwenzake mwenye maneno mengi.

Hatua ya nne. Mjadala. Wanafunzi wasigawanywe kwa safu za madawati. Waliopenda A wakae upande mmoja, waliopenda B upande wa pili. Kila msemaji, kabla ya kutoa hoja yake, arudie hoja ya msemaji aliyemtangulia mpaka mwenyewe aseme, "Ndivyo nilivyosema." Mwanafunzi ana ruhusa ya kuhama upande wakati wowote, na akihama aeleze hoja iliyomhamisha. Kura haipigwi.

Hatua ya tano. Mwalimu aandike ubaoni methali mbili: "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Awaulize wanafunzi ipi ni ya kweli. Wataona kwamba wahenga walizishika zote mbili, kila moja kwa mahali pake. Basi swali si mwendo upi ni bora, bali mwendo upi unaifaa hadithi hii, mahali hapa.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, mwalimu asitoe ladha yake kabla ya watoto kutoa zao. Akiulizwa mwishoni, aseme bila kuficha, kisha atoe sababu kwa kanuni ile ile waliyoifuata wao.

Pili, asiruhusu kicheko dhidi ya ladha ya mtu. Mtoto aliyechekwa kwa kusema "ilinichosha" hatasema tena, wala hatabadili ladha yake. Ataificha tu. Atakapofika katika mambo mazito kuliko filamu, atakuwa amekwisha kuzoea kuficha.

Tatu, mwalimu akumbuke mazoea ya watoto. Wasimuliaji kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walijipatia jina kubwa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Msimuliaji wa namna hiyo huzungumza juu ya picha, hueleza, hutania, na hukijaza kimya. Hiyo ni sanaa yenye thamani yake. Lakini mtoto aliyezoea kila kimya kijazwe atakiona kimya cha Tarkovsky kuwa kasoro. Jambo hili lisitumiwe kumdharau. Litumiwe kumwonyesha kwamba ladha ina historia, na kwamba kitu chenye historia chaweza kupanuka.

Tathmini

Alama zisitolewe kwa upande aliouchagua mwanafunzi. Zitolewe kwa usahihi wa kauli ya ushahidi na kwa uhusiano wa ushahidi huo na ladha aliyoitaja. Mwanafunzi aandikaye, "Nilipenda A kwa sababu sikujua kinachokuja, na mlango ulipofungwa nilishtuka," amefaulu. Na yule aandikaye, "Nilipenda B kwa sababu zile ngazi tatu zilinitia hofu kabla ya nyayo," amefaulu vilevile. Asiyefaulu bado ni yule aandikaye, "B ni nzuri kwa sababu ni nzuri," hata kama ladha yake ni sawa na ya mwalimu.

Hitimisho

Watoto tunaowafundisha watakaa katika vikao vya kijiji, katika kamati za shule na katika familia, na huko watakutana kila siku na watu wasiopenda wanachokipenda wao. Aliyefundishwa kwamba kila tofauti lazima iwe na mshindi atatafuta wa kumshinda. Aliyefundishwa kwamba tofauti hazizungumziki atanyamaza au ataondoka. Lakini aliyezoea kuuliza, "Umeona nini mpaka ukafikia hapo?" ana njia ya kuishi na mwenzake bila kumnyenyekea na bila kumdharau. Hilo laweza kuanzwa Darasa la V, kwa punje chache za mahindi na hadithi ya nyayo mwezini.

Maswali ya kujadili chuoni

1. Zitenganishe kauli zilizomo katika sentensi hii: "Filamu ile ni ndefu, imejaa kimya, na haifai kwa watoto."

2. Chagua hadithi moja ya kitabu cha kiada. Ionyeshe sehemu ambapo mwendo wake hubadilika, na eleza mwandishi alipata nini kwa kuubadili.

3. "Mwalimu wa lugha hana haki ya kuwa na ladha darasani." Jadili kauli hii kwa kufuata kanuni ya Hatua ya nne, bila kupiga kura.